Wanagenzi wa Mji Mkongwe, 1985–2025

Mwaka 1985 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mwaka 2025 chombo hicho kimetimiza miaka arobaini. Historia yake kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata sheria, ramani na misaada ya wafadhili. Mimi nataka kuisimulia kwa kuwafuata watu wanaoshika mwiko: waashi wazee waliokubali kufundisha, na wanagenzi waliokubali kuanza kwa kubeba karai. Bila wao ramani zingelala makabatini, na nyumba zingeendelea kuanguka vilevile.

Nyumba zilikuwa zikianguka kweli. Mji Mkongwe ulijengwa hasa katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said kuhamisha makao yake kutoka Maskati na kuja Unguja. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, nene kiasi cha nusu mita na zaidi. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, kwa hiyo vyumba vingi vya mji ule ni virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi haufiki mita tatu au unazidi hapo kidogo tu. Nyumba moja ikiegemea nyingine, vichochoro vikipita katikati, mji mzima umeshikana kiasi kwamba ukuta mmoja ukilegea, jirani naye hana usalama.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba nyingi zikawa mali ya serikali. Wakaingia wapangaji kutoka mitaa ya Ng'ambo, mashamba na Pemba, watu ambao kwa mara ya kwanza walipata kuishi ndani ya mji uliokuwa umewafungia milango. Kodi ilikuwa ndogo, na familia kadhaa ziligawana nyumba iliyokuwa ya ukoo mmoja. Sioni haki kuwalaumu, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi, kana kwamba wao ndio walioubomoa mji. Nyumba ya matumbawe hutaka mtu wa kupanda darini kila mwaka kabla ya masika, aone ufa, aukwangue, aujaze chokaa. Kazi hiyo ilikuwa ya mwenye mali na fundi wake. Mwenye mali alikuwa ameondoka, na fundi hakuna aliyemwita.

Maji yakishapenya darini hufuata boriti hadi pale inapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki. Hapo mti huoza polepole, mchwa nao wakija. Kwa miaka kadhaa chumba kinaonekana kizima. Kisha mvua moja kubwa inanyesha, boriti zinatoka kwenye vishimo vyake, sakafu ya juu inaanguka juu ya ile ya chini, na kuta ambazo zilikuwa zikifungwa pamoja na boriti hizo zinatanuka nje. Mwaka 1983 wataalamu wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa walitoa ripoti kuhusu hali ya mji na njia ya kuuokoa. Mamlaka iliundwa miaka miwili baadaye.

Chombo kipya kilikuta upungufu ambao fedha pekee zisingeuondoa. Uashi wa matumbawe ulikuwa umepita kwa karne nyingi kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa vilijengwa kwa matumbawe na chokaa hiyohiyo. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331 na kuukuta mji unaostawi. Ufundi uliovuka tawala zote hizo, za masultani wa Kilwa, Wareno na Waomani, ulikaribia kukatika katika miaka ishirini tu ya ukimya. Sababu ni nyepesi kueleza: kijana hajifunzi kazi isiyo na mteja. Mwashi aliyezaliwa Unguja mwaka 1950 alikua wakati majengo mapya yote yalikuwa ya tofali za saruji, magorofa ya Michenzani yakiwa mfano mkubwa kuliko yote. Alijifunza saruji kwa sababu saruji ndiyo iliyomlisha.

Basi alipoitwa kuziba ufa katika nyumba ya kale, aliuziba kwa saruji. Alifanya kazi safi, kwa nia njema, na aliidhuru nyumba. Jambo hili ni la kulieleza vizuri, kwa maana ndilo somo la kwanza la kila mwanagenzi wa Mji Mkongwe, na wengi waliosoma uashi vyuoni hulikataa mwanzoni.

Jiwe la matumbawe lina matundu madogo yasiyohesabika. Hunywa unyevu kutoka ardhini na kutoka upepo wa bahari, kisha huutoa likipata jua. Chokaa nayo ni hivyohivyo: laini, yenye kupitisha mvuke, yenye kukubali kusogea kidogo ukuta unaposogea. Saruji ni ngumu na imefunga. Ukipaka lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe, unyevu uliomo ndani hukosa njia. Hupanda juu, hutafuta sehemu dhaifu, na chumvi iliyoyeyuka ndani yake hugeuka chembechembe nyuma ya lipu na kulimenya jiwe. Mwenye nyumba anaona lipu inavimba, anaongeza saruji nyingine. Baada ya miaka michache ganda la saruji limesimama peke yake, na nyuma yake jiwe limekuwa unga.

Chokaa yenyewe haina haraka, na hapo ndipo wanagenzi wengi hushindwa. Huanza na tanuri. Magogo ya minazi na miti mingine hupangwa kwa duara, mawe ya matumbawe yakawekwa juu, moto ukawashwa na kuachwa ufanye kazi hadi mawe yapate joto la takriban nyuzi 900. Katika joto hilo hewa ya kaboni hutoka ndani ya jiwe, na kinachobaki ni chokaa mbichi, nyepesi, kali, inayounguza ngozi. Humwagiwa maji ili izimike, nayo huchemka na kufuka moshi mweupe. Mwanagenzi hufundishwa kusimama upande unakotoka upepo na kufunika macho. Baada ya hapo inalazwa shimoni chini ya maji kidogo. Wiki kadhaa ni kidogo, miezi ni bora. Kadiri inavyolala ndivyo inavyokuwa laini, mpaka inakatika kwa mwiko bila kung'ang'ania. Ikishapakwa ukutani huanza kuivuta tena ile hewa ya kaboni iliyoipoteza motoni, na taratibu hurudi kuwa jiwe. Lazima ikauke kivulini huku ikinyunyiziwa maji, la sivyo hupasuka. Fundi wa saruji aliyezoea kumaliza ukuta Jumatatu na kuhamia kwingine Jumatano huona huko ni kupoteza siku. Mwalimu mzuri wa uashi wa kale ni yule anayeweza kumfanya kijana aone fahari katika kusubiri.

Mamlaka ilihitaji darasa, na darasa lilipatikana katika jengo. Mfanyabiashara Tharia Topan, aliyewahi kusimamia forodha ya Zanzibar, aliweka jiwe la msingi la zahanati mwaka 1887, kuadhimisha miaka hamsini ya utawala wa Malkia Victoria. Alifariki mwaka 1891 kabla ya kuiona ikitumika. Jengo likasimama mbele ya bandari likiwa na veranda za mbao zilizochongwa, vioo vya rangi na lipu ya nakshi ya mtindo wa Kihindi. Kufikia miaka ya 1980 lilikuwa tupu na linavuja. Mwaka 1990 Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan ililichukua kwa makubaliano na serikali, na ukarabati ukaendelea hadi katikati ya miaka ya 1990.

Wageni wanaopita mbele ya Zahanati ya Zamani leo hupiga picha za veranda. Mimi nadhani thamani kubwa ya kazi ile haimo kwenye veranda. Imo katika uamuzi wa kutoleta kundi la mafundi kutoka nje, kumaliza na kuondoka. Waashi, maseremala na wapiga lipu wa Zanzibar walifundishwa juu ya jukwaa, jengo likiwa ndilo kitabu chao. Pale walijifunza kugongagonga lipu ya zamani kwa kifundo cha kidole na kusikiliza: ikilia kama kitu kigumu, iachwe, ikilia tupu, imeachana na ukuta. Walijifunza kutoa saruji kwa patasi na nyundo ndogo badala ya kuivunja kwa mashine, kwa kuwa mashine hutikisa ukuta mzima na kula jiwe lililo zima. Walijifunza kunakili nakshi kwa kuchukua umbo lake kabla ya kuligusa. Walijifunza pia kuandika, jambo ambalo waashi wa zamani hawakulihitaji: kila ufa uchorwe, upimwe, upigwe picha kabla ya kazi na baada yake. Waliotoka pale walikwenda kufanya kazi katika majengo mengine ya mji, na baadhi wakawa walimu wa wengine. Mnyororo uliokuwa unalegea ulipata pete mpya.

Mwaka 1994 Zanzibar ilipata sheria maalumu ya hifadhi na uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mpango mkuu wa hifadhi ukaandaliwa kwa msaada wa taasisi hiyohiyo ya Aga Khan chini ya Francesco Siravo, mtaalamu aliyekuwa amekwisha kufanya kazi Lamu katika miaka ya 1980. Watafiti walizunguka nyumba kwa nyumba. Walihesabu majengo 1,709, na takriban asilimia 75 kati yake waliyakuta katika hali ya kuchakaa. Mwaka 2000 mji ukaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hizo ni hatua kubwa na zinastahili sherehe zake. Ila ukigawanya idadi ile ya majengo kwa mafundi waliokuwa wanajua chokaa, utaelewa kwa nini kibali cha ukarabati kingeweza kutolewa kwa masharti yote sahihi na kazi bado ikafanyika kwa saruji. Mkaguzi anapita mchana. Lipu hupigwa jioni. Sheria ya hifadhi hutimizwa na mtu aliye juu ya jukwaa, na mtu huyo hutumia anachokijua.

Msomaji atauliza kwa nini mimi, mtu wa Kisondela wilayani Rungwe, ninajishughulisha na chokaa ya Unguja. Huku kwetu Rungwe hakuna matumbawe wala chumvi ya bahari. Nyumba za babu zetu zilikuwa za mianzi na udongo, zilizosukwa na kukandikwa kwa ustadi kiasi kwamba Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita nchi ya Wanyakyusa mwaka 1879, aliandika akizistaajabia. Mawe tunayo tele, mawe ya volkano, mazito na meusi, lakini wazee wetu hawakuwa na sababu ya kuyajengea nyumba. Mawe na matofali ya kuchoma yalikuja na wageni. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na wale wa misheni ya Berlin mwaka huohuo. Serikali ya Kijerumani ikajenga boma Tukuyu, ikauita mji Neu Langenburg. Si mbali na hapa, ukingoni mwa ziwa la Masoko, limesimama jengo la mawe la Kikosi cha Tano cha jeshi la Wajerumani, lililojengwa miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na kutumiwa baadaye kama mahakama. Wanakijiji wengi wamekwenda pale kudai shamba au kumaliza ugomvi wa mpaka bila kuwa na haja ya kuyatazama mawe yenyewe.

Mimi nayatazama. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua hiyo hufanya kwenye viungo vya mawe kile ambacho chumvi hufanya Unguja. Jiwe la volkano halinywi maji kama tumbawe, hivyo maji yote hutafuta njia kwenye kiungo. Kiungo cha chokaa kikioshwa, fundi wa leo hukijaza saruji, maji yanafungiwa ndani ya ukuta, na ukuta unaanza kuota kuvu na kujaa majani. Ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Yaliyofuata husubiri kutangazwa rasmi. Huku kwetu hakuna hata jengo moja la mawe la kabla ya 1863, kwa hiyo kinachoweza kuyalinda majengo yetu kwa sasa ni fundi anayejua afanye nini na aache nini. Fundi huyo Tanzania bara haipo njia iliyozoeleka ya kumpata. Vyuo vya VETA, vilivyowekwa chini ya mamlaka yao kwa sheria ya 1994, vinafundisha uashi kwa bidii, lakini uashi wa tofali na saruji, kwa kuwa ndio ulio na soko. Ndiyo maana historia ya Mji Mkongwe ni historia yetu pia.

Nirudi Unguja, Mkunazini. Kanisa Kuu la Kianglikana limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, mwaka uleule soko lilipofungwa, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877, kabla kazi haijakwisha. Askofu Edward Steere, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kwa vitabu vyake vya lugha yetu, ndiye aliyesimamia ujenzi. Watembezaji wa wageni hupenda kueleza kwamba nguzo kadhaa karibu na mlango zimesimamishwa kichwa chini, kwa kuwa mafundi waliziweka askofu akiwa safarini. Mimi hupenda zaidi kutazama juu. Paa lile ni kuba refu lisilo na boriti hata moja, limemwagwa kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Watu wa mji, inasemekana, walingoja lianguke. Halikuanguka.

Paa hilo ni ukumbusho muhimu kwa wanagenzi wenye msimamo mkali, nao wapo. Kijana akishaelewa madhara ya saruji huanza kuichukia popote aionapo. Lakini saruji ya Steere ni sehemu ya historia ya jengo lile, imetumiwa na mtu aliyejua anachofanya, na kuiondoa kungekuwa uharibifu. Mfuko wa Makumbusho ya Dunia ulipokarabati kanisa katika muongo wa 2010 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, kazi haikuwa ya kurudisha kila kitu kwenye chokaa. Ilikuwa ya kuziba palipovuja, kutibu nyufa, na kulishughulikia kila jengo dogo la eneo lile kwa asili yake, huku mafundi wa hapa wakifunzwa kazini. Kando yake kukafunguliwa maonyesho ya kudumu kuhusu biashara ya watumwa. Naona ni haki kwamba maonyesho hayo na mafunzo yale vilikwenda pamoja. Dari za nyumba za karne ya 19 zilimiminwa zege ya chokaa na kupigwa kwa fimbo kwa siku kadhaa, watu wakijipanga na kuimba ili mapigo yaende sawa, na wengi wa hao walikuwa watumwa. Kwenye maelezo ya nyumba husomwa jina la tajiri. Mwanagenzi anayeikarabati dari hiyo anagusa kazi ya watu ambao hawakuandikwa popote, na nafikiri kila mkufunzi anapaswa kulisema hilo siku ya kwanza, kabla ya kumkabidhi kijana timazi.

Bustani ya Forodhani na ukuta wake wa bahari vilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, tena kwa fedha za Aga Khan. Kazi ya ukuta wa bahari ni mlango mwingine kabisa wa ufundi, wenye maji kupwa na maji kujaa, na sitauingia hapa.

Nitaingia kwenye jambo zito zaidi. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883, lilikuwa jengo refu kuliko yote mjini na la kwanza kuwa na umeme. Lilinusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Si jengo la matumbawe na boriti pekee: lina nguzo na mihimili ya chuma, teknolojia mpya kwa wakati wake, na chuma ndani ya ukuta wenye unyevu wa chumvi hushika kutu na kuvimba na kupasua kila kilichokizunguka. Mwaka 2012 sehemu ya veranda yake iliporomoka. Mpango wa ukarabati ulipatikana kwa msaada wa Oman. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiendelea, mnara wa saa na sehemu kubwa ya mbele vilianguka. Mafundi wawili walipoteza maisha.

Kila ninapoandika kuhusu hifadhi ya majengo nahisi wajibu wa kuanza hesabu na watu hao wawili. Vitabu vya urithi huomboleza mnara. Lakini waliokuwa ndani walikuwa wafanyakazi waliokwenda kibaruani asubuhi ya sikukuu. Baada ya ajali ile hakuna anayeweza kusema kwamba mafunzo ya waashi wa majengo ya kale ni suala la urembo wa mji au mapato ya utalii. Kujua ukuta unabeba nini, kusoma ufa mpya na ufa wa zamani, kuweka miti ya kuegemeza kabla ya kutoa jiwe moja, kuwa na mamlaka ya kusema leo hatupandi: hayo ni mambo ya uhai wa watu. Mwanagenzi afundishwe kwamba ufa wenye kingo kali na weupe ndani ni wa karibuni, na ule wenye vumbi na kingo butu umetulia. Kwamba kipande cha plasta kikibandikwa juu ya ufa na kuandikwa tarehe, siku kitakapokatika kitakuwa kimetoa taarifa. Ni ujuzi rahisi kuufundisha. Haupatikani kwa kukisia.

Mamlaka, ikitimiza miaka arobaini, haiko peke yake tena kama ilivyokuwa 1985. Zanzibar ina Mamlaka yake ya Mafunzo ya Amali, na mafunzo ya uanagenzi, ambapo kijana hugawa muda wake kati ya chuo na eneo la kazi, yamepewa nafasi rasmi kwenye sera za ajira za Muungano na za Zanzibar. Kilwa Kisiwani, iliyowekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini mwaka 2004, ilitolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya miaka ya kazi iliyowashirikisha wakazi wa kisiwa wenyewe katika kuimarisha kuta. Jambo hilo la Kilwa linanipa moyo kuliko ripoti nyingi. Mvuvi wa Kilwa aliyejifunza kuweka kiungo cha chokaa hatahamia Dar es Salaam mradi ukiisha. Yupo, na ukuta upo.

Hapo ndipo palipo udhaifu wa miaka arobaini ya Mji Mkongwe, nao usifichwe katika sherehe. Mafunzo mengi yalifuata miradi. Mradi ukija na fedha, vijana kadhaa hufunzwa vizuri. Mradi ukiisha, hutawanyika. Wengine hurudi kwenye saruji za hoteli za mashamba, ambako malipo ni ya haraka. Fundi mzee aliyewafunza hapokei mshahara wa ualimu kati ya mradi na mradi, na akifa kati ya miradi miwili hakuna aliyeandika alichokijua kuhusu udongo wa kuchanganya au tanuri la magogo. Boriti za mikoko nazo zimekuwa ngumu kupatikana: Kenya ilizuia kusafirisha boriti nje ya nchi mwaka 1982, na mikoko ya Rufiji inahitaji kulindwa kwa faida ya pwani nzima. Mwashi wa leo hulazimika kufikiri pamoja na seremala kuhusu mbao mbadala, jambo ambalo babu yake hakulijua.

Kinachotakiwa ni shule isiyofungwa. Iwe ndogo, yenye wanagenzi wachache kila mwaka, yenye walimu wanaolipwa kama walimu na cheti kinachotambuliwa pande zote mbili za Muungano. Cheti hicho kikiwepo, halmashauri kama ya Rungwe inaweza kuandika kwenye zabuni ya kukarabati jengo la mawe kwamba fundi awe nacho. Hapo soko litazaliwa, na kijana hatahitaji kuhubiriwa mapenzi ya urithi ili asubiri chokaa ilale. Wasichana wapewe nafasi bila mjadala. Miongoni mwa walioimba na kupiga dari zile katika karne ya 19 walikuwemo wanawake wengi.

Kwa upande wetu wa Kisondela ningependekeza tuanze na vijana wawili au watatu waliomaliza uashi chuoni, wanaojua tayari kushika pima maji, wapelekwe Mji Mkongwe kwa muda wa kutosha kujifunza chokaa kutoka mwanzo hadi mwisho. Watakayoyaona kule hawatayatumia yote. Watajifunza matumbawe na watarudi kwenye jiwe la volkano. Watajifunza chumvi na watarudi kwenye mvua. Mchanganyiko wa kiungo itabidi wautafute upya kwa kujaribu juu ya ukuta mfupi wa majaribio, uachwe upigwe na masika mazima, kisha ukaguliwe. Malighafi haiko mbali: Songwe, upande wa pili wa Mbeya, kuna mawe ya chokaa yanayolisha kiwanda cha saruji cha huko, na kiasi kidogo tu kingetosha kwa tanuri la kufundishia. Shimo la kulazia chokaa lichimbwe na kujazwa kabla vijana hawajaondoka kwenda Unguja, ili watakaporudi wakute imekwisha kulala miezi yake na wasianze kwa kungoja.